Siku moja maishani mwangu: maswali tisa Nakivale

Saa 12 asubuhi. Mvua ya usiku imeacha tope, na kijana wa boda anadai shilingi 5,000 badala ya 3,000 za jana. Nabishana kidogo, napanda. Nimezaliwa Bukavu, nimekulia hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Kwenye karatasi mimi ni msaidizi wa utafiti wa saikolojia. Watoto wa mtaa wetu wananiita "yule wa maswali". Leo ni jaribio la awali: tunaipima hojaji yenyewe kabla ya kuwapima watu.

Saa 2. Vijikaratasi saba ndani ya kofia, namba 1 hadi 7, mwenzangu anachota namba 4. Basi nyumba ya 4, ya 11, ya 18, saba saba mpaka mwisho wa kijiji. (Namba hizi nimezibadilisha, tuliahidi siri.) Nyumba ya 11 ina kufuli. Jirani ameshatoa viti: "Njooni kwangu, nina shida kuliko huyo!" Namshukuru, namwambia tutarudi kwa huyo huyo jioni. Ananuna, na sina jibu la kumridhisha. Lakini anayeshinda nyumbani si sawa na aliyekwenda kulima kibarua; ukichukua waliopo tu, matokeo yako ni ya waliopo tu.

Saa 4. Nyumba ya 18. Mama anachambua maharagwe. Namsomea fomu ya ridhaa.

"Mwanangu, majina haya yanaenda Marekani?"

"Hapana mama. Ukijibu hupati kitu, ukikataa hupotezi kitu."

Anacheka. "Basi uliza." Anaweka dole gumba mbele ya shahidi.

Hojaji inaitwa PHQ-9, ya kupima sonona, ile huzuni nzito inayomwelemea mtu: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu 0 (hapana kabisa) hadi 3 (karibu kila siku), jumla haizidi 27. Ilitungwa kwa Kiingereza, ikatafsiriwa, kisha mtu mwingine ambaye hakuona ya asili akairudisha kwa Kiingereza ili tuone kilichopotea njiani. Mwenzangu amekaa pembeni anajaza karatasi yake; hatuonyeshani. Mimi nasoma neno kwa neno, bila kutikisa kichwa, bila kusema "pole" katikati. Hilo la pole ndilo linaniumiza. Kwetu mtu akitaja msiba hukai kama gogo. Ila nikionyesha huruma swali la pili, la tatu atanijibu kwa kuangalia uso wangu. Pole zote nazitunza, nazimwaga mwishoni kwa pamoja.

Swali la tano, hamu ya kula. Mama anaacha maharagwe.

"Hamu iko, mwanangu. Chakula ndicho hakiko."

Tangu mgao upunguzwe anakula mara moja kwa siku. Naandika namba, naendelea. Swali la tisa linagusa mawazo ya kufa; jibu likizidi 0 tunampigia mshauri nasaha kabla ya kuondoka. Leo hatukuhitaji kupiga, nashukuru Mungu.

Saa 7. Chapati na chai.

Saa 10. Baba wa nyumba ya 11 amerudi na jembe. Amechoka, njooni kesho. Sawa, nafasi ni yake.

Saa 11 jioni. Tunalinganisha karatasi. Kwa yule mama tumelingana maswali manane. La tano: mimi 0, mwenzangu 3.

"Amesema hamu iko!"

"Mtu anakula mara moja kutwa, kila siku, unamwandikia sifuri?"

Msimamizi, aliyesomea Makerere, anatuacha tuchoke. Kisha anauliza: mama mwenyewe alielewa swali gani? Kimya. Anatukumbusha wilaya za Rakai na Masaka, hapa hapa Uganda. Kabla ya jaribio la 2002 la kutibu sonona kwa vikundi, ambapo vijiji 30 viliteuliwa kwa kura, watafiti waliwauliza kwanza wanakijiji huzuni ya namna hiyo wanaiitaje. Wakapewa maneno ya Kiganda: okwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujionea huruma. Kupima kukafuata.

Tunabishana mpaka giza, kisha chini ya swali la tano tunaongeza mstari wa kudodosa: "Kama chakula kingekuwapo, ungetamani kula?" Kesho turudi kumuuliza mama hivyo, na tumwombe atueleze kwa maneno yake alichosikia. Simu ina asilimia 9, na mwenye duka la kuchaji ameshafunga.