Ubeti wa Tatu

Usiku wa Maulidi wa mwaka 1994, nilipokuwa na umri wa miaka 14, maalim wa chuo chetu cha Kurani mjini Wete, Pemba, alinikabidhi tena kazi ya kuongoza kasida, kazi niliyoizoea tangu utotoni na ambayo, nakiri, ilinitia majivuno. Tuliketi mikekani, kanzu zimepigwa pasi, udi ukifuka kwenye chetezo. Katika ubeti wa tatu, pale sauti ilipopaswa kupanda, ilinikatika, ikatoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Nilijaribu tena, ikawa vilevile. Maalim akaupokea ubeti yeye mwenyewe bila ya kunitazama, wenzangu wakaitikia, na shughuli ikaendelea. Ila nilipogeuka nilimwona sahibu yangu, aliyekaa nyuma na dufu lake, amejiziba mdomo huku mabega yanamtikisika.

Leo najua kuwa zoloto, yaani kiungo cha sauti kilichomo kooni, la mvulana anayebaleghe hukua kwa haraka, na nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa. Usiku ule nilidhani nimepigwa kijicho.

Kwa wiki tatu sikusema na sahibu yangu, na nilizunguka njia ya mabondeni, kwenye mpunga, ili nisipite barazani wanakonywa kahawa wazee, kwani niliamini hawana mazungumzo mengine isipokuwa yangu. Mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, aliieleza hali hii mwaka 1967: kijana hujiona daima yuko mbele ya hadhira, nayo aghlabu imo akilini mwake tu. Nilipoisoma hoja hiyo ukubwani, niliyakumbuka yale mabonde na matope yake.

Karafuu zilikuwa zikichumwa, na jioni bibi alitukusanya watoto wa mtaa kuchambua. Shada hushikwa kwa mkono mmoja na kusuguliwa kwenye kiganja cha wa pili. Karafuu huvunjika zikaanguka jamvini, makonyo yakawekwa kando, na vidole hubaki vyeusi vikinukia hata baada ya sabuni. Siku moja alimketisha sahibu yangu jamvi moja nami, pengine makusudi. Kimya kiliponishinda, nikamwuliza bibi watu walisemaje usiku ule.

Bibi, aliyekuwa upande wa wanawake, akafikiri kidogo. "Walisema halua haikufika kwetu, mjukuu wangu. Na mpaka leo wamenuna."

Sahibu yangu akaguna, kisha akainamisha kichwa. "Mimi nilicheka kweli. Nisamehe. Lakini na wewe, wiki tatu hunipi hata salamu?"

Sikuwa na jibu, kwani kosa lake nilikuwa nikilihesabu kila siku, na langu sikuwahi kulihesabu hata mara moja. Nikaendelea kuchambua. Fungu lake lilipomalizika kabla ya langu, alichota mashada kutoka kwangu bila ya kuomba, tukasugua viganja mpaka karabai ilipoanza kufifia.