Umeipokea kwa nani?

Ijumaa, usiku

Leo nimeumbuka mbele ya ukoo mzima, na aibu yenyewe nimeinunua kwa bando langu.

Asubuhi nikiwa kwenye daladala uliingia ujumbe: hadithi ndefu ya Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, imepambwa maua kila upande, inaahidi thawabu za ajabu kwa atakayeituma kwa watu kumi kabla ya swala ya Ijumaa. Mwisho kabisa: "Imetumwa kama ilivyopokelewa." Nikaifowadi kwenye kundi la ukoo. Sikuisoma mpaka mwisho, nakiri. Konda alikuwa ameshaita kituo changu.

Adhuhuri bibi akapiga. Yeye simu yake ni ya tochi, haina WhatsApp wala haitaki, lakini pale nyumbani Pangani hakosekani mjukuu wa kumsomea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hiyo hadithi umeipokea kwa nani?"

"Nimetumiwa tu, bibi."

"Na nani?"

"Na mwenzangu wa kazini."

"Naye kaipokea kwa nani?"

"Kwenye kundi lao."

"Hilo kundi mwana wa nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia nikaifute, na nisiseme Mtume kasema mpaka nijue nani kasema kwamba Mtume kasema. Akakata simu, maana vocha yake haipotezi kwa watu wanaochekacheka.

Nimeifuta. Jioni nikaitafuta kwenye vitabu vya hadithi vilivyowekwa mtandaoni, sikuikuta hata kwa mkia. Lakini katika kupekuapekua nikaingia kwenye mlango mwingine, na sasa ni saa sita kasoro na chai imepoa kitambo.

Nilikuwa najua Bi Aisha, mama wa waumini. Nani asiyemjua? Hadithi 2,210 zimepokewa kwake, hilo nililisikia chuoni. Najua pia Bi Ummu Salama. Ila ungeniamsha jana usiku ukaniuliza, "Nitajie mwanamke wa tatu," ningebaki nakutolea macho. Kichwani mwangu elimu ya hadithi ilitoka kwa Bi Aisha ikaruka moja kwa moja hadi kwa wanaume wenye vilemba, na huko haikurudi tena kwa mwanamke.

Kumbe Bi Aisha alilea. Alimlea Amra binti Abdurrahman pale Madina, msichana wa Kiansari, akakua anasikia kila kitu. Khalifa Umar bin Abdulaziz, ambaye utawala wake ulianza mwaka 99 Hijria, alipohofia elimu isipotee wenye nayo wakifariki, alimwandikia Abu Bakr bin Hazm, gavana wake kule Madina, aandike hadithi, na katika barua akamtaja Amra kwa jina. Yaani serikali inataka nyaraka, na mojawapo ya makabati yenyewe ni huyu mama.

Kisa chake Amra kimoja kimo katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik. Huyohuyo Abu Bakr bin Hazm, aliyekuwa mpwa wake Amra, alimkamata Mnabati mmoja aliyeiba pete za chuma. Si dhahabu, chuma. Akamfunga, anataka kumkata mkono. Amra akamtuma mjakazi wake. Abu Bakr yuko mbele za watu, mjakazi akafika akamwambia: mama yako mdogo anasema, mpwa wangu, umemkamata mtu kwa kitu kidogo nilichotajiwa, unataka kumkata mkono? Akajibu ndiyo. Basi Amra anakwambia, hakuna kukata isipokuwa kwa robo ya dinari na kuendelea. Abu Bakr akamwachia yule mtu.

Nimelisoma mara tatu lile neno la mwisho, akamwachia. Hakuna mjadala. Mama mdogo kasema, na nyuma ya mama mdogo yuko Bi Aisha, na nyuma ya Bi Aisha yuko Mtume mwenyewe. Mnabati yule sijui kama alipata kumjua mwanamke aliyemwokolea mkono.

Sasa nisipake rangi. Baada ya kizazi cha kina Amra, katika karne ya pili na ya tatu Hijria, majina ya wanawake katika mapokezi, yaani ule mlolongo wa nani kapokea kwa nani, yanapungua sana. Hadithi ilikuwa imegeuka kazi ya safari: mtu anatoka Bukhara anakwenda Baghdad, Sham, Misri, analala misikitini, miaka kumi hajarudi kwao. Mwanamke ilimwia vigumu kusafiri vile peke yake, na safari ndiyo iliyokuwa cheti. Kuanzia karne ya nne wanarudi tena, na wanarudi kwa kishindo. Kwa nini? Kwa sababu vitabu vikubwa vilikwisha kuandikwa, na kilichotafutwa sasa ni kuvipokea vitabu hivyo kwa mdomo wa mtu aliyevisikia kwa mwalimu wake, na mwalimu huyo kwa mwalimu aliyemtangulia. Hilo laweza kufanyika hata ukiwa umeketi nyumbani kwako.

Hapo ndipo anapoingia Karima, na huyu ndiye aliyeninyima usingizi.

Karima binti Ahmad, al-Marwaziyya, asili yake upande wa Marw, nchi inayoitwa leo Turkmenistan. Aliisikia Sahihi al-Bukhari, kile kitabu mashuhuri cha hadithi, kwa al-Kushmihani, aliyeipokea kwa al-Firabri, aliyeipokea kwa Bukhari mwenyewe. Watu wawili tu kati yake na mwenye kitabu! Akaweka makazi Makka, hakuolewa, akaishi karibu miaka mia, akafariki mwaka 463 Hijria, yaani kama 1070 Miladia. Mahujaji wenye elimu wakimaliza kutufu walikuwa na mlango wa pili wa kubisha. Al-Khatib al-Baghdadi, bingwa wa hadithi wa zama zake, aliisoma Sahihi nzima mbele yake kwa siku tano. Siku tano! Mimi kitabu cha mapishi nina mwezi wa nne.

Lakini si hilo. Kuna mwanafunzi mmoja, Abu al-Ghana'im an-Narsi, amesimulia, na mwanahistoria adh-Dhahabi akamnukuu. Karima alimtolea nakala yake ya Sahihi, wakaketi mkabala. Akanakili karatasi saba, akazisoma. Kisha akataka kwenda kuzilinganisha na nakala ya asili peke yake. Karima akamwambia: hapana, mpaka ulinganishe pamoja nami. Akalinganisha pamoja naye.

Basi, kisa kimekwisha. Ila mimi kazi yangu ni stoo. Kila mwisho wa mwezi nalinganisha daftari na risiti, na najua kwa nini jambo hili halifanywi na mtu mmoja. Ukiwa peke yako jicho linasoma linachokitarajia. Umeandika 16, risiti inasema 61, na wewe unaona 16 kwa sababu ndiyo iliyomo kichwani. Ndiyo maana mwenzangu anasoma kwa sauti nami natia alama, na akisoma haraka haraka namrudisha. Tumeshagombana kwa hilo, tukanuniana hadi saa ya chakula. Karima alilijua hili akiwa amekaa kwenye busati lake Makka miaka karibu elfu moja iliyopita. Hakumshuku kijana kuwa mwongo. Alimjua kuwa ni binadamu.

Na karibu karne nne baadaye mwanachuoni Ibn Hajar alipoisherehesha Sahihi, neno likitofautiana baina ya nakala, bado anataja: katika mapokezi ya Karima ni hivi. Zile karatasi alizokataa zisilinganishwe faraghani, ndizo hizo.

Nimejaribu kuelewa pia kwa nini vikongwe walitafutwa mno. Ni hesabu. Kadiri watu wa katikati walivyo wachache, ndivyo mapokezi yanavyokuwa ya juu, kwa kuwa nafasi za kukosea zinapungua. Basi watoto walikuwa wakipelekwa kwenye vikao vya kusomewa wangali wadogo, majina yao yanaandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria, ili wakijaliwa umri mrefu wawe daraja. Aisha binti Muhammad bin Abdulhadi wa Damascus alizaliwa mwaka 723 Hijria. Aliisikia Sahihi kwa mzee aliyeitwa al-Hajjar, na mzee huyo alipofariki mwaka 730, binti alikuwa na miaka saba tu. Al-Hajjar naye aliisikia utotoni, mwaka 630, kwa az-Zabidi. Unaona mchezo ulivyo? Mtoto kwa mzee, mtoto kwa mzee. Aisha alipofariki mwaka 816, Miladia 1413, watu waliokuwa kati yake na Bukhari ni sita, na Bukhari alikuwa amefariki miaka 560 kabla yake kwa hesabu ya Hijria. Ibn Hajar mwenyewe alikwenda kukaa mbele ya bibi huyu kusoma.

Kuna wanaosema mtoto wa miaka minne mitano ataelewa nini? Swali zuri, na maulamaa walilijadili. Mimi jibu langu ni la kienyeji: alichokisikia utotoni hakikuachwa kichwani mwake peke yake. Kitabu kilikuwepo, orodha ya waliohudhuria ilikuwepo, na waliokuja kwake uzeeni walikuja na nakala zao mikononi, wanalinganisha. Yeye alikuwa shahidi. Na shahidi hulazimiki kumpenda wala kumsifu, unachotaka ni awe alikuwepo kweli.

Adh-Dhahabi, ambaye hakuwa mtu wa kumsaza mtu, aliandika kitabu kizima cha kuwachambua wapokezi wenye kasoro: huyu mwongo, huyu msahaulifu, huyu ameachwa, yaani hadithi zake hazichukuliwi. Alipofika kwa wanawake akasema hamjui kati yao aliyetuhumiwa uongo wala ambaye hadithi zake zimeachwa. Wapo wasiojulikana hali zao, hao wapo, lakini mzushi hakumwona. Nitamsomea bibi sentensi hii. Atasema "alhamdulillahi" halafu atanikumbusha ujumbe wangu wa asubuhi, kwamba mimi ndiye nilitaka kuivunja rekodi.

Jambo la mwisho kabla sijalala, maana limenigusa kwa upande wa kwetu. Damascus hiyohiyo alikuwepo Zaynab binti al-Kamal, aliyeishi tangu 646 hadi 740 Hijria. Huyu hakuolewa pia, na macho yalimsumbua tangu utotoni. Ijaza zake, yaani ruhusa za kupokea na kusomesha vitabu, zilisemwa zinajaza mzigo wa ngamia. Mwaka 1326 Miladia alipita hapo kijana wa Kimorocco mwenye miaka ishirini na ushei, akaisikiliza Sahihi msikitini kwa yuleyule al-Hajjar kwa vikao kumi na vinne ndani ya Ramadhani, na katika waliompa ijaza akamtaja Bi Zaynab. Kijana huyo ni Ibn Battuta. Miaka mitano baadaye, 1331, alishuka pwani yetu. Alilala Mombasa usiku mmoja, akaona watu wake ni wachamungu, misikiti yao ya mbao imejengwa madhubuti, na kila mlangoni pana kisima kifupi cha kuchotea kwa chombo chenye mpini wa mti, watu wanatembea pekupeku, wananawa miguu na kuifuta kwenye mkeka mnene ndipo waingie. Kesho yake akashika njia ya Kilwa.

Tangu nikiwa darasani nimesomeshwa safari ile, na kila mwalimu alitueleza Ibn Battuta alichokiona. Hakuna aliyetueleza alichokuwa amekibeba. Aliyenawa miguu kisimani Mombasa jioni ile alikuwa na idhini ya mwanamke wa Damascus kifuani mwake.

Jumamosi, baada ya Alasiri

Nimempigia bibi. Nimemsomea habari ya Karima, akanyamaza kidogo akasema, "Huyo mwalimu kweli." Nikakumbuka barazani kwake, sisi kumi na sita kwenye mkeka mmoja, naye na njiti ya ukuti akifuata herufi kwenye juzuu. Ukiruka neno hakukwambii ni lipi. Njiti inasimama tu. Inaweza kusimama mpaka ugali uungue.

Nikamuuliza: "Bibi, na wewe ulisoma kwa nani?"

Nilidhani atataja yule maalim aliyezikwa karibu na msikiti, ambaye kila mtu humtaja. Akanitajia mwanamke. Nikauliza, naye alisoma kwa nani? Akataja mwingine, wa Mtang'ata. Na huyo? Kwa baba yake. Na baba yake? "Hapo sijui," akasema, "na nisichokijua sisemi."

Nimeandika nyuma ya risiti ya umeme, karatasi nyingine haikuwepo karibu. Majina manne, la kwanza la bibi mwenyewe. Nikamwambia asante bibi, nitayanakili vizuri baadaye nikipata nafasi.

"Baadaye lini? Nisomee sasa hivi."

Nikamsomea. La kwanza sawa. La pili sawa. La tatu akanikatiza: huyo si binti wa kuzaa wa yule wa nne, ni binti wa ndugu yake.

"Futa. Andika upya, halafu nisomee tena tangu mwanzo."