Kuhesabu Wanyama kwa Mfuko wa Maharagwe
Katika kufundisha uhifadhi wa wanyamapori, zoezi ninalolipenda kuliko yote ni lile la kukadiria idadi ya wanyama kwa mfuko wa maharagwe. Wanafunzi huchota maharagwe 40, kila moja likiwa mfano wa mnyama, huyatia alama ya wino, huyarudisha na kuyachanganya vizuri, kisha huchota 50 bila kuchungulia. Wakikuta 10 yenye alama, huzidisha 40 kwa 50 na kugawanya kwa 10, wakapata 200, ambayo ni makadirio ya maharagwe yote mfukoni. Watafiti hukadiria samaki na ndege kwa njia hiyo hiyo. Baadaye wayahesabu maharagwe yote, maana tofauti inayojitokeza huzua maswali mazuri mno: je, baadhi ya wanyama wenye alama wakifa kabla ya uchotaji wa pili? Makadirio yatazidi idadi halisi, na spishi iliyo hatarini itadhaniwa kuwa salama.