Land Rover ya jeshi, gia imekwama? Anza na klachi

Jamani kabla hamjashusha gia boksi ya Land Rover Series ya jeshi eti imejam, cheki klachi kwanza. Haya magari yanakaa yadi miaka bila kuwashwa, kutu inagandisha pleti ya klachi kwenye flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini), sasa ukikanyaga pedo klachi haiachii, gia haiingii, fundi anakwambia boksi limekufa! Zima injini ujaribu gia zote, zikiingia laini shida iko klachi.

Ila leva ya gia ikigoma hata injini ikiwa imezimwa, weka ile leva nyekundu katikati, hiyo ndo niutro ya transfa (boksi la pili linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma), achia hendibreki sukuma gari. Likitembea basi difu na breki ziko poa, boksi ndo limeshika, na mara nyingi ni gia mbili zimeingia kwa pamoja. Toa sakafu, fungua kifuniko cha juu, angalia uma upi (zile zinazosukuma gia) umetoka katikati, urudishe pole pole na bisibisi. Langu nilikuta springi ya selekta (kifaa cha kuchagua gia) imekatika, kipande kimezama kwenye oili nyeusi tii. Na tafadhalini msipige nyundo humo ndani, meno yakimeguka spea zake utazitafuta mpaka uchoke.

Ukimaliza, mwaga oili yote, weka oili ya gia EP90 mpya.