Mita moja, vyumba sita: nani anakula umeme?

Nyumba nyingi za kupanga huku kwetu Mabatini, Mwanza, zina vyumba vingi na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Umeme ukikata watu wanachangishana, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mimi ni fundi wa friji, kazi zangu nyingi ziko Kirumba, upande wa Mwaloni, kwenye majokofu ya wauza samaki. Kwa hiyo wapangaji wenzangu wakitupiana lawama za umeme, mlango unaogongwa ni wangu.

Utaratibu wa nyumba yetu ulikuwa huu: kila chumba kinatoa sawa, mwenye friji anatoa mara mbili. Mwenye friji ni mama mmoja anayeuza barafu na juisi ya ukwaju. Alikuwa analipa bila kubisha, mpaka siku moja nikiwa namsafishia friji akaniuliza, "Hivi fundi, ni kweli hili friji linakula umeme wa vyumba viwili?" Mtu anayelipa pesa yake ana haki ya kujibiwa kwa hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kifaa kina kibandiko nyuma au chini kinachotaja wati. Zidisha wati kwa saa unazokitumia, gawanya kwa 1,000, umepata uniti. Kwa matumizi ya kawaida uniti moja ni shilingi 292; ongeza VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inakuwa kama shilingi 356. Ndiyo maana umeme wa elfu kumi unakupa uniti 28 tu.

Ila kibandiko kinataja nguvu ya juu kabisa, na friji haliungurumi saa zote. Mimi naiamini mita. Itazame: ina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh, yaani mapepeso kwa kila uniti. Ya kwetu ni 1,000, maana yake kila kikipepesa umetumia wati moja kwa saa moja. Zimeni nyumba nzima, washeni kifaa kimoja, hesabuni mapepeso ya dakika kumi, kisha zidisheni kwa 6. Hizo ndizo wati halisi. Kama mita yenu ni ya 1,600, zidisheni kwa 3.75 badala ya 6. Dakika moja inatosha kwa pasi, lakini vitu vidogo vinahitaji subira.

Tulifanya hivyo Jumapili, wapangaji wote wakiwa wamesimama ukumbini, na nilitaka kila mmoja ahesabu kwa macho yake.

Friji la mama lilipepesesha mita mara 20, yaani wati 120. Friji zima, lenye mpira mzuri wa mlango na lililowekwa mbali na jiko la mkaa, kompresa yake hufanya kazi kama theluthi ya siku. Saa nane mara wati 120 ni karibu uniti moja kwa siku, 29 kwa mwezi, shilingi elfu kumi na kidogo. Mpira ukichakaa, hewa ya joto inaingia na kompresa haipumziki: uniti 86 kwa mwezi, zaidi ya elfu thelathini. Fungia noti kwenye mlango wa friji lako uivute. Ikitoka bila kukaza, nunua mpira kabla hujanunua umeme mwingine.

Tukaenda chumba cha kijana wa bodaboda, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kulitaja friji. Sabufa lake: mapepeso 7, wati 42. Linawashwa saa kumi kwa siku, hata akiwa kijiweni, kwa hiyo linakula uniti 12 na nusu kwa mwezi. Kingamuzi hakizimwi kamwe, na kile cha kwake kilikuwa na wati 12: karibu uniti 9. Hita ya kuchemshia ndoo ya kuoga ni wati 1,500, na robo saa kila asubuhi inafika uniti 11. Jumla ni kama 32. Chumba chake kimelipita friji, na alikuwa analipa fungu moja. Simlaumu. Friji linaonekana, kingamuzi kiko chini ya meza na hakipigi kelele.

Barafu ni suala jingine, na nilimwambia mama wazi. Kugandisha lita moja ya maji ya bomba kunahitaji joto jingi litolewe, na kwa friji la kawaida inakuja kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Lita tano ni nusu uniti, shilingi 178. Ukizifunga kwenye vifuko kumi vya nusu lita, kila kimoja kimebeba shilingi 18 za umeme. Hiyo ni gharama ya biashara yake, aitoe yeye. Alikubali palepale, alichokuwa anataka ni kujua bei yake.

Ninachoumia nacho zaidi ni bibi wa chumba cha mwisho. Ana taa mbili za LED na simu ndogo, hafikishi uniti 5 kwa mwezi. Nyumba ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ina bei yake: shilingi 100, ambayo na makato inakuwa 122. Bibi peke yake angelipa kama shilingi 610. Kwa kuwa sisi sote tumo kwenye mita moja na tunapita 75 mapema, hata kwa matumizi yake tu inakuwa 1,780, na kwa ule mgawo wa sawa kwa sawa alikuwa anatoa zaidi ya hapo. Bado kuna 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU, ambayo ni deni la mwenye nyumba.

Sasa tunachangia kwa uniti za kila chumba, orodha imebandikwa ukumbini. Balbu ya nje ya wati 60 iliyokuwa inawaka usiku kucha tumeitoa, ipo LED ya wati 9, na hiyo peke yake imetupunguzia uniti 18 kwa mwezi. Bibi tumemwondoa kwenye mchango mpaka mwenye nyumba atujibu mambo mawili: lini ataanza kuirudisha ile 1,500 kwenye kodi yetu ya pango, na kama ataruhusu kila chumba kiombe mita yake.