Vazi Lisilofuliwa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Somo la juma hili ni 2 Samweli 23:13–17.

Kaisari Hui wa nasaba ya Jin, jina lake Sima Zhong, alitawala China tangu mwaka 290 hadi 307, makao yake yakiwa Luoyang. Alipoambiwa raia wanakufa kwa kukosa nafaka, aliuliza mbona hawali uji wa nyama. Wengi humcheka, wakaishia hapo. Lakini hakujiweka mwenyewe kwenye kiti cha enzi.

Baba yake, Sima Yan, kaisari aliyemtangulia, alikuwa na wasiwasi naye. Siku moja karamuni, waziri Wei Guan alijifanya amelewa, akapiga magoti, akapapasa kiti cha enzi na kusema, "Kiti hiki, masikitiko." Baba alielewa, ila akajibu kwamba waziri kalewa kweli. Tunamhurumia Wei Guan. Hata hivyo, ukweli aliouvika ulevi ulimpa mfalme pa kutorokea.

Baadaye baba akaweka mtihani. Aliwaita karamuni maofisa wote wa mwanawe, kisha akampelekea kijana mashauri magumu yaliyofungwa kwa lakiri, mjumbe akisubiri majibu. Mke wa kijana, Jia Nanfeng, akatafuta mtu wa kumwandikia. Majibu ya kwanza yalijaa maneno ya wahenga. Mtumishi Zhang Hong akaonya: mwana wa mfalme hakusoma, inajulikana, hivyo hila itagunduliwa, afadhali maneno mepesi. Yakaandikwa upya, Sima Zhong akanakili kwa mkono wake. Baba akafurahi, na wa kwanza kuonyeshwa akawa Wei Guan.

Mwaka 291, kwa hila za Jia, ambaye sasa ni malkia, Wei Guan aliuawa pamoja na wanawe na wajukuu. Halafu ikaja karatasi ya pili. Mrithi Sima Yu, mwana wa Sima Zhong ambaye Jia hakumzaa, alinyweshwa pombe hadi akalewa, akapewa maneno ya uasi ayanakili. Herufi alizoshindwa kuzimaliza wakamalizia wengine. Baba aliyepata kiti kwa kunakili akamhukumu mwanawe kwa kunakili. Kijana aliuawa mwaka 300, na wakuu wa ukoo wakageuziana silaha.

Mwaka 304 walimbeba kaisari hadi vitani Dangyin. Alijeruhiwa shavuni, akapigwa mishale mitatu, walinzi wakakimbia. Akabaki ofisa Ji Shao, aliyevaa mavazi yake ya baraza, akamkinga kwa mwili wake. Kumbuka: baba yake Ji Shao aliuawa kwa amri ya babu wa kaisari huyuhuyu. Ji Shao alikatwa palepale, damu ikarukia vazi la kaisari.

Watumishi walipotaka kulifua, kaisari akakataa: "Hii ni damu ya Ji. Msiiondoe."

Daudi naye alikataa kunywa maji ya kisima cha Bethlehemu, ambayo watu wake waliyaleta kwa kuhatarisha maisha yao, akayamimina mbele za Bwana. Someni mstari wa 17 taratibu, kisha wakumbukeni kwa majina, mbele za Mungu, walioumia kwa ajili yenu.