Nilivyomshinda Dumuzi kwa Pipa, Chumvi na Nta

Wajukuu wangu wakiliona pipa lililosimama kando ya jiko langu hudhani ni la maji, nami huwaacha na dhana yao, kwa sababu kulieleza pipa lile ni kueleza miaka mitatu niliyohangaika nikiwa mama wa watoto sita. Lakini nimechoka kusikia watu wakishauriana juu ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, kana kwamba ameingia nchini jana.

Mume wangu alikuwa mkulima wa tumbaku huko Urambo, mkoani Tabora. Tumbaku ilikuwa yake kwa jina na kwa fedha, ingawa kufunga majani kwenye vijiti, kukesha tukichochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, na kuchambua madaraja zilikuwa kazi zangu vilevile. Mahindi ndiyo yaliyokuwa yangu kabisa, kuanzia jembe hadi sufuria, na yalipokwisha kabla ya wakati, mimi ndiye niliyeulizwa na watoto.

Kwa desturi tuliyahifadhi na maganda yake katika kihenge, kama mama mkwe wangu alivyofanya tangu ujana wake. Fukusi walikuwapo, ila walikula kwa adabu. Mavuno ya mwaka 1981 niliyaweka hivyo hivyo mwezi Julai. Ilipofika Oktoba nilianza kusikia usiku mtafuno mdogo usiokoma, na asubuhi nikakuta chini ya kihenge kichuguu cha unga mwepesi, mweupe, kama mtu amepitisha chekeche hapo. Nilichomoa gunzi moja, nikaliminya, likavunjika mkononi kama mkate mkavu. Ndani yake walikuwamo wadudu wa kahawia iliyokolea, wa urefu wa kama nusu ya punje ya mchele, vichwa vimeinamia kifuani. Huyo ndiye dumuzi. Wengine walimwita Scania, kwa jina la yale malori, nadhani kwa sababu alibeba mzigo wote kwa safari moja. Baadaye tuliambiwa kwamba asili yake ni Amerika ya Kati na kwamba Tabora ndiyo iliyompokea kwanza hapa nchini, heshima ambayo hatukuiomba. Hakuacha hata makopa ya muhogo, na fito za kihenge alizitoboa pia. Mwaka ule tulipanga foleni ya unga wa njano, ule wa yanga, na watoto wangu waliununia hadi mvua zilipokwisha.

Ushauri haukukosekana. Mama mkwe alisema, «Mayu, umepunguza majivu.» Nilikuwa nimeweka majivu ya kutosha kumzika ng'ombe. Bwana shamba alisema tupukuchue mahindi mapema na kuyachanganya na dawa ya unga, na kuhusu kupukuchua alikuwa na haki kabisa, kwa kuwa dumuzi hustawi zaidi punje zikiwa bado zimeshikamana na gunzi. Lakini dawa yenyewe haikuwamo katika duka la kijiji, ambamo miaka ile hata sabuni ilikuwa ni habari ya kusimuliwa. Jirani mmoja akaninong'oneza nitumie dawa ya kunyunyizia tumbaku. Nilimuuliza kama yeye angekuja kula ugali wake wa kwanza, akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

Pipa nililipata mwaka 1982 kwa mbuzi jike na fedha kidogo za juu, kutoka kwa mtu aliyelitumia kwa mafuta ya kula. Nilikuwa nimewaza hivi: mdudu naye anavuta pumzi, basi nimnyime. Nililisugua kwa mchanga na maji ya moto ya majivu, nikalikausha, nikamimina mahindi yaliyopukuchuliwa, nikafunga kwa nguvu na kutembea kijijini kama mke wa mkuu wa mkoa. Desemba nikalifungua mbele ya wanawake wanne niliowaalika mwenyewe. Harufu iliyotoka ilikuwa ya pombe iliyoharibika. Mahindi yalikuwa yameshikamana mabonge ya kijani na meusi, na mfuniko ulikuwa unatoka jasho kwa ndani. Dumuzi hakuwamo, hilo ni kweli. Hata nguruwe asingeruhusiwa kula kile kilichobaki, na wale wanawake wanne walihakikisha kwamba habari inafika kila ukingo wa kijiji kabla ya jua kuzama.

Kosa langu lilikuwa unyevu. Nilizoea kuuma punje, ikilia «ka!» nikaridhika, lakini meno hudanganya. Mwaka uliofuata nilitumia chupa. Inakuwa safi na kavu hasa, unatia chumvi kavu kiasi cha kijiko kimoja, unaongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, unatikisa vizuri, kisha unaiacha ikae kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Mara ya kwanza iliganda, mara ya pili iliganda, na nikayaanika tena juu ya mikeka, nikiyaingiza ndani kila jioni kabla ya umande, siku nne zaidi. Mume wangu aliyekuwa akilalamika kwamba ninaharibu chumvi nilimwambia kwamba yeye hukausha tumbaku kwa wiki nzima na hakuna anayemcheka.

Pipa liliingia debe kumi za kufuta, yaani gunia moja na debe nne. Juu ya mahindi niliweka kifuniko cha kopo, ndani yake kipande cha mshumaa nilichopewa kanisani, nikakiwasha na kufunga pipa kikiwa bado kinawaka, ili kipunguze hewa iliyobaki. Hapo ndipo ilipokuja hila ninayojivunia kuliko zote. Pete ya mpira ya mfuniko ilikuwa imekufa, na nyumbani tulikuwa na nta ya mizinga ya mume wangu isiyo na mnunuzi. Niliipasha moto, nikaikanda kwa vidole hadi ikawa laini kama unga wa chapati, nikaizungushia mfuniko wote bila kuacha upenyo. Nikaliweka pipa kivulini juu ya magogo, nikawakataza watoto hata kulipigapiga.

Nililifungua Januari, safari hii bila wageni. Mikono ilinitetemeka. Juu kabisa walikuwamo dumuzi saba, wote wamekufa, na chini yao punje zenye rangi ileile ya siku niliyozimimina. Nilisonga ugali mchana huo, na mama mkwe wangu alikula bila kusema neno. Alipomaliza kunawa ndipo alipouliza kama yule mtu wa mapipa bado anakubali mbuzi.